Mwaka Juu ya Mlango

Nilipoanza shahada ya uzamili, nilipewa kazi ya kupima nyumba kuukuu za Uhindini. Nilikwenda kutafuta alama, nikarudi nimependa.

Pita Mtaa wa India asubuhi, kabla maduka hayajafunguliwa, uinue macho. Juu ya mabango ya simu kuna roshani za mviringo, nakshi za saruji, na kwenye baadhi ya nyumba mwaka wa ujenzi pamoja na jina la mwenye nyumba. Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majengo mengi ya kupangisha. Majina yalibaki ukutani. Nyumba zikahama mikono.

Bibi mmoja, mpangaji wa ghorofa ya pili, alinikaribisha chai. Nikazisifia ngazi zake za mbao, nikaisifia hata rangi inayobanduka.

“Mjukuu wangu,” akasema, akisogeza ndoo chini ya dari, “wewe unaipenda kwa sababu saa kumi unaondoka.”

Nilirudi kwa miguu hadi Kariakoo, nimenyamaza. Soko la Beda Amuli, lililofunguliwa 1975, wanafunzi tunalisoma darasani. Nyumba ya babu yangu, mitaa michache kutoka hapo, haisomwi popote: vyumba sita, ukumbi katikati, baraza mbele, uani nyuma. Tuliiuza wenyewe. Sasa ni ghorofa la maduka, na sikuwahi kuipima.

Wiki iliyofuata nilirudi kwa bibi na futi yangu. Safari hii nilianza na dari.