Kukata Si Kutupa

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Niliiamini methali hiyo kwa miaka yote niliyofundisha, na niliwatajia mara nyingi wanafunzi waliolalamikia kalamu zao. Lakini uzeeni nilipewa kazi iliyonionyesha kwamba mkulima asiyelijua jembe lake huweza kung'oa mgomba akidhani anang'oa magugu.

Sisi watu wa Kilimanjaro, popote tulipo, mwezi wa Desemba hutuita nyumbani. Desemba ya 2022 tulikusanyika Marangu, watoto, wajukuu na vitukuu, mama yetu mzazi akiwa bado hai. Kila mwenye simu alipiga video. Agosti iliyofuata Mama akatutoka, na kikao cha ukoo kikaamua kwamba tukikutana tena Desemba tutazame pamoja sinema moja ya sikukuu ile ya mwisho. Kwa kuwa mimi ni mstaafu na nina kompyuta mpakato, mzigo uliniangukia.

Video zilinifikia kwa njia mbalimbali. Zilizotumwa kwa WhatsApp kama video za kawaida zilikuwa na ukungu, kwa maana huko njiani hubanwa ili ziwe nyepesi. Ikanibidi niwaombe wenyewe wazilete upya kwenye flashi. Nilipozijumlisha, zilikuwa saa 3 na dakika 40. Nani angekaa saa zote hizo akitazama watu wakila?

Zamani nilikuwa nikiitumia Windows Movie Maker, programu nyepesi ambayo hata mtoto angeiweza, lakini Microsoft waliacha kuihudumia Januari 2017. Basi nikatafuta nyingine, nikapata iliyojitangaza kuwa ni ya bure. Nilifanya kazi wiki mbili usiku, nikakata na kuunga. Siku ya kutoa faili ya mwisho, jina la programu lilitokea kwa herufi kubwa katikati ya picha, likampita Mama kifuani. Kuliondoa kulihitaji malipo ya kila mwezi. Bure ile ilikuwa ya kuingilia tu. Kutoka kulikuwa na kiingilio chake.

Mpwa wangu, ambaye hupiga video za harusi, alinishauri DaVinci Resolve. Ni kweli toleo lake la bure lina mengi, na mafundi wa sinema kubwa huitumia. Lakini kompyuta yangu ina kumbukumbu ya GB 4 tu. Ilinguruma kama gari linalopanda mlima na gunia la ziada, kisha ikazimika. Hapo sikuilaumu programu. Jembe la trekta halifungwi kwenye punda.

Aliyeniokoa ni mjukuu wangu, msichana wa kidato cha tatu. Aliniuliza, "Babu, wewe hasa unataka kufanya nini?" Nikahesabu kwa vidole: kukata mwanzo na mwisho wa kila kipande, kuvipanga, kupunguza kelele za upepo, kuandika majina, na kutoa faili moja ya MP4 ambayo televisheni na simu zitaisoma. Akasema, "Basi tafuta inayofanya hayo matano, mengine yaache." Ndugu msomaji, nilifundisha miaka mingi bila kuuliza swali zuri kama hilo.

Tulichagua Shotcut. Ni ya bure kweli, haiweki alama yoyote, na ikishapakuliwa haihitaji intaneti. OpenShot nayo ingetufaa vilevile. Mwenye kompyuta ya Apple ana iMovie, na mwenye Windows 11 ana Clipchamp. Kabla ya kuianza kazi yote, tulijaribu kwa dakika moja tu ya video, kuanzia kukata hadi kutoa faili. Laiti ningefanya hivyo mwanzo, nisingepoteza wiki zile mbili.

Hata hivyo nilikosea tena. Nilihifadhi kazi kwenye flashi, nikaenda Moshi kumwonyesha dada yangu. Kufungua, hakuna picha hata moja. Ni orodha ya faili zisizoonekana. Nilitokwa na jasho. Kumbe nilichobeba kilikuwa daftari la maagizo tu: chukua kipande hiki, anzia hapa, ishia pale. Video zenyewe zilibaki Dar es Salaam. Mali bila daftari hupotea bila habari, lakini mimi nilibeba daftari nikaacha mali.

Niliporudi nilielewa jambo kubwa zaidi. Ikiwa programu huandika maagizo tu, basi nilipokuwa nikikata, sikuwa nikimkata Mama popote. Kila nilichokiondoa kilikuwa bado kipo mahali pake, kizima. Na ni heri ilikuwa hivyo.

Kulikuwa na kipande cha dakika 11 ambacho nilikiondoa siku ya kwanza. Mtu alisahau simu ikirekodi juu ya benchi, na kilichoonekana ni majani ya migomba na miguu ya wapita njia. Mjukuu wangu alikirudisha, akavaa visikilizio, kisha akaniita. "Babu, hapa Bibi Mkubwa anasema nini?" Yeye kalelewa mjini, Kichaga hakijui.

Nikasikiliza. Mama alikuwa akiuliza nani hajala, akitaja majina ya watoto wake mmoja mmoja. Alipofika kwa mdogo wetu wa mwisho, alisema, "Mwekeeni sahani yake, atakuja."

Hakuja. Mimi na yeye tulikuwa hatusemezani kwa ajili ya mpaka wa kihamba, na alijua kwamba ningekuwapo. Nilikaa na sauti ile siku tatu. Nikiiweka, watu wataona namsuta. Nikiiacha, nitakuwa nimemnyima mama yake. Mwishowe niliiweka, sekunde 40 za majani ya migomba, na chini nikaandika maneno ya Mama kwa Kiswahili ili watoto waelewe.

Desemba ya 2023 alikuja. Sinema ilikuwa ya dakika 38. Ilipofika pale, hakusema lolote hadi kipande kilipokwisha, kisha akaniomba, "Kaka, rudisha nyuma kidogo." Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu baada ya miaka minne. Nikarudisha.

Shauri la mpaka halijaisha, lakini sasa tunalizungumza tukiwa tumeketi. Nawe msomaji, ukipewa kazi kama hii, chagua jembe linalotosha mkono wako na shamba lako. Weka nakala ya video zote kwenye diski nyingine kabla ya kukata chochote. Na usikitupe kipande kwa sababu tu hakina sura ya mtu, kwanza kisikilize.