Kerezo la Mjomba Lajifunza Kurudi Nyuma

Wahenga walinena kuwa elimu bila amali ni kama nta bila asali. Methali hii sote tumeiandika katika insha tangu shule ya msingi, tukapewa alama zetu, tukaisahau. Mimi niliielewa likizo ya Aprili, na walionielewesha walikuwa mota kuukuu na mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa waya.

Mjomba wangu ni fundi wa kukereza chuma huko Kariobangi Light Industries. Kwa asiyejua, kerezo ni mashine inayozungusha kipande cha chuma huku kisu kigumu kikikimenya polepole, kama mtu amenyavyo chungwa. Mafundi wenyewe husema "leidhi", na ukiwatajia kerezo watakuuliza umeshuka lini kutoka Mombasa. La mjomba lilitengenezwa Uingereza na lina umri mkubwa kumliko yeye. Pesa zangu za shule, kuanzia chakula cha mchana hadi viatu, hutoka katika mashine hiyo.

Mota yake ya kwanza iliungua zamani. Mjomba akanunua nyingine ya mtumba Gikomba, ya volti 240, fezi moja, maana kibanda chake hakina stima ya fezi tatu. Ilivuta kazi vizuri sana, ila ilizunguka upande mmoja tu.

Huenda ukauliza, msomaji mwenzangu, kwani kuna haja gani ya mashine kurudi nyuma? Sikiliza. Ile mifereji inayozunguka bolti, ambayo huitwa hesi, haikatwi kwa mpigo mmoja. Kisu hupita mara nane au kumi, kila mara kikizama kidogo zaidi. Kinachokivuta kisu ni shafti ndefu yenye hesi zake, pamoja na nati iliyopasuliwa nusu mbili inayoishika shafti hiyo. Ikiwa mashine ni ya inchi na bolti ni ya inchi, fundi anaweza kuifungua nati, akarudisha kisu kwa mkono, kisha akaifunga tena kwa wakati wake. Lakini matatu nyingi za Nairobi ni za Kijapani, na bolti zake ni za milimita.

Hapo ndipo kazi huwa kazi. Inchi moja ni milimita 25.4. Kwa sababu hiyo, katika sanduku la gia za mjomba mna gia moja yenye meno 127, kwa kuwa inchi 5 ni milimita 127 kamili. Gia hiyo huifanya shafti ya inchi ikate hesi za milimita. Hata hivyo, ukiifungua nati kabla hujamaliza, kisu kitarudi mahali pengine na kuharibu mifereji yote. Nati lazima ibaki imeshika, na mashine nzima irudi kinyumenyume hadi mwanzo.

Kwa kuwa mota haikujua kurudi, mjomba alikuwa akizima stima, anashika ukanda na kuuvuta nyuma kwa mkono. Kazi ya nusu saa ilimla nusu siku. Kisha siku moja stima ikapotea akiwa katikati ya hesi. Swichi ilikuwa bado imewashwa. Akaushika ukanda aanze kuvuta, na papo hapo stima ikarudi. Mkono wa shati lake ulinyakuliwa ukachanika hadi begani. Mkono wake mwenyewe ulibaki, tunamshukuru Mungu. Jioni ile nilimsikia akimwambia mama kwamba kuna mnunuzi wa chuma chakavu ambaye ameulizia mashine kwa kilo. Mama hakujibu. Mimi sikupata lepe la usingizi.

Palikuwa tayari pameshakuja jamaa mmoja aliyejiita fundi wa stima. Alifungua plagi, akabadilisha nyaya mbili, huu hapa na ule pale, akalipwa na kwenda zake. Mota ikaendelea kuzunguka upande uleule. Mjomba akasema amerogwa.

Hakurogwa. Katika Kidato cha Pili tulijifunza kwamba mota ndogo ya betri hugeuza mwendo ukigeuza nyaya za betri. Lakini stima ya nyumbani si ya betri. Mkondo wake hujigeuza wenyewe mara 100 kila sekunde, kwa kuwa ni wa mizunguko 50. Ukigeuza nyaya za plagi umegeuza kitu ambacho tayari kinajigeuza. Nilimpelekea mwalimu wetu wa Fizikia swali hili, naye akanichorea mchoro ambao bado ninao katika daftari.

Ndani ya mota ya aina hii mna koili mbili. Moja ni kubwa, ya kufanya kazi. Nyingine ni ya kuanzishia, nayo hupitia kwenye kapasita inayoufanya mkondo wake upishane kidogo na wa mwenzake. Koili kubwa peke yake haijui izungushe upande gani, hunguruma tu. Ni kama watu wawili wanaozungusha jiwe la kusagia: mmoja akitangulia kusukuma na mwingine akifuata, jiwe hufuata mpangilio wao. Fikra hii ya kuzungusha sumaku kwa mikondo inayopishana ndiyo aliyopatia hataza Nikola Tesla huko Marekani mwaka 1888. Basi anayetaka kugeuza mwendo hugeuza ncha mbili za koili ya kuanzishia tu, na kubwa huiacha kama ilivyo.

Mjomba aliutazama mchoro wangu kwa muda. "Sasa hii umeitoa wapi?" akauliza. Nikamwambia shuleni. Akacheka, lakini kesho yake akamwita mzee mmoja anayefanya kazi ya stima kwa leseni, kama Sheria ya Kawi ya 2019 inavyotaka.

Mzee alichomoa plagi akaitia mfukoni mwake. "Plagi ikiwa kwangu, hakuna mtu wa kuniwashia," alisema. Kisha akagusisha nyaya za balbu kwenye kapasita ili chaji iishe. "Kijana, hii inaweza kukupiga hata kama stima imekatwa. Usiiamini."

Alipofungua kifuniko tuliona kwa nini kazi ilikuwa imemshinda yule wa kwanza. Ncha za koili zilikuwa zimeunganishwa ndani kwa ndani, zikatoka nyaya mbili tu. Mzee alizitenganisha, akatoa nyaya nne mpya, akanipa mita. "Soma." Koili ya kuanzishia ilikuwa na upinzani mkubwa zaidi, kwa kuwa uzi wake ni mwembamba. Tukazifunga nyaya vitambulisho vya karatasi ili zisichanganyike.

Swichi aliyoileta ilikuwa ya mpini, yenye nafasi tatu. Mpini ukienda kushoto au kulia, koili kubwa hupata stima ileile, lakini ile ya kuanzishia hupata ncha zake zikiwa zimepishana. Katikati hakuna kitu. Waya wa ardhi aliufunga kwenye mwili wa mota na wa mashine. Mwisho akaongeza kitufe ambacho hujifyatua stima inapopotea, na ikirudi, mashine haiamki mpaka mtu aibonyeze. Mjomba alikitazama kitufe hicho kuliko swichi yenyewe, huku akijisugua bega.

Mzee hakuondoka kabla ya kutupa masharti. La kwanza, usivute mpini wa nyuma kabla mashine haijasimama. Ndani ya mota mna swichi ndogo inayoikata koili ya kuanzishia mota inapofikia karibu robo tatu ya kasi yake. Ukivuta mpini ikiwa mbioni, koili hiyo haimo kazini, basi mota itaendelea mbele kana kwamba hukusema neno. La pili, kile kichwa chenye taya kinachoshika chuma kimefungwa kwenye mashine hii kwa hesi, kama kifuniko cha chupa. Ukirudi nyuma kwa kishindo, kinaweza kujifungua na kukurukia. Rudi kwa kasi ya chini, na kisu kiwe kimeondolewa kwenye chuma.

"Wacha isimame kwanza!" Nimemsikia mjomba akiwapigia kelele vijana wake kwa maneno hayo zaidi ya mara moja tangu siku ile.

Bolti ya kwanza ya milimita ilikatwa Jumamosi. Kisu kikaenda, kikaondolewa, mashine ikasimama, ikarudi polepole, ikasimama, ikaenda tena. Nati haikuachia hata mara moja. Mjomba alipoizungushia nati mpya ya dukani, iliingia kwa vidole viwili tu. Mnunuzi wa chuma chakavu alipopita wiki iliyofuata aliambiwa leidhi haiuzwi.

Limebaki jambo moja linalotuhusu sisi wa Chama cha Kiswahili. Maandishi ya swichi ile yalikuwa yamefutika, na mzee akaniuliza tuandike nini. Nilichukua rangi nyeupe nikaandika MBELE, ZIMA, NYUMA. Wote walioko kibandani waliyasoma bila kuuliza. Lakini nilipotaka kuandika jina la kile kichwa chenye taya, nilikwama, na mafundi nao wakakwama. Napendekeza basi kwamba muhula ujao, badala ya kukariri orodha za misamiati peke yake, wanachama waende Kariobangi, Gikomba na Kamukunji wakiwa na daftari, wawaulize mafundi wanaviitaje vyombo vyao, na pale pasipo na neno tukae nao tulitafute. Mjomba amekubali kutupokea Jumamosi yoyote, mradi kila mtu aje na viatu vilivyofunika vidole.