Gofu ya Mario na watoto wetu wanaocheza bunduki



Juma hili tuzungumze juu ya michezo ya video. Katika mitaa yetu, kuanzia Mudzipela hadi Nyakasanza, kuna vyumba ambamo mtoto anatoa franka zake, anakaa mbele ya televisheni na kushika maneti. Wengine wanachezea kwenye telefoni ya kaka. Mara nyingi wanacheza mpira wa miguu, na hapo hatuna neno. Lakini mara nyingi pia ni bunduki. Mtoto anawatafuta watu, anawapiga risasi, wanaanguka, na wenzake wanashangilia.

Mahali pengine mama anaweza kusema kwamba huo ni mchezo tu. Sisi wa Ituri neno hilo ni zito kulitamka. Watoto wetu wanaujua mlio wa kweli. Wako waliolala porini, wako waliofika kambi ya Kigonze na nguo moja. Tena tunajua vizuri kijana asiye na shule wala kazi ni nani anayemtafuta. Ndiyo maana kuuliza mtoto anacheza nini si kupoteza wakati.

Mmoja wetu aliletewa na dada yake aliye Canada mashine ndogo ya Nintendo Switch, pamoja na mchezo unaoitwa Mario Golf: Super Rush, uliotoka mwezi wa sita mwaka 2021. Mashine hiyo ina betri yake, kwa hiyo umeme ukikatika watoto wanaendelea kwa saa kadhaa. Tuliwaomba watufundishe, tukakaa nao jioni nyingi.

Kwanza, gofu yenyewe ni nini? Wale wetu wanaokwenda Kampala kuchukua bidhaa wameiona: ule uwanja mkubwa wa majani mafupi pale Kitante, karibu na Garden City. Mtu anapiga mpira mdogo kwa fimbo ya chuma mpaka uingie katika shimo lililo mbali, halafu anaendelea kwenye shimo linalofuata, mpaka mashimo 18. Anayeshinda ni yule aliyepiga mara chache kuliko wengine. Hapo tulicheka, kwa sababu watoto wetu wamezoea kwamba mwenye nyingi ndiye mshindi. Hapa mwenye haraka na nguvu za bure anajiongezea hesabu mwenyewe.

Ndani ya mchezo wa video wanaocheza ni sura ambazo watoto wengi wameshaziona kwenye katuni au kwenye mifuko ya shule. Yuko Mario, fundi wa mabomba mwenye masharubu na kofia nyekundu, aliyeonekana kwanza mwaka 1981 katika mchezo wa Donkey Kong. Yuko ndugu yake Luigi, yuko sokwe Donkey Kong mwenyewe. Mtoto anabonyeza kitufe, mstari unapanda kuonyesha nguvu, anabonyeza tena pale anapotaka. Lakini kabla ya hapo anatazama upepo unatoka wapi, na kama kuna maji au mchanga mbele. Asiyetazama anatumbukia majini.

Tuliona pia jambo moja la kuwafurahisha wasichana. Katika mchezo wa Super Mario Bros. wa mwaka 1985, binti mfalme Peach kazi yake ilikuwa kutekwa na Bowser, lile jitu lenye gamba la kobe, na kungoja Mario aje kumwokoa. Katika gofu anashika fimbo yake mwenyewe. Bowser naye yumo, na sheria inayomfunga Peach inamfunga yeye pia. Wasichana wetu, ambao katika vile vyumba vya kulipa hawaonekani, walimchagua Peach na kuwashinda kaka zao. Hakuna aliyewapunguzia.

Tuwe wakweli: si kila kitu ni utulivu. Iko namna moja ya kucheza ambapo wote wanapiga pamoja, halafu wanakimbilia mipira yao na kuangushana njiani. Wavulana wanaipenda hiyo kuliko zote. Lakini hakuna damu, hakuna anayekufa, na aliyeanguka anasimama na kuendelea.

Hatuwaambii mkanunue. Mchezo peke yake ulipotoka uliuzwa dola 60 hivi, mbali na mashine, na hapa kwetu dola 60 zina kazi nyingine. Tunawaambia kilichofuata. Watoto walichimba mashimo sita katika lupango, wakafukia mikebe ya nyanya, wakakata fimbo, wakafunga mpira wa plastiki na kamba. Mlima wa mchanga wa fundi ukawa kikwazo, na dimbwi la mvua likawa ziwa. Kila mtoto anahesabu mapigo yake kwa sauti. Mwanzoni wako walioruka hesabu, wenzao wakawakatalia. Sasa mtoto anasema "nimepiga saba" hata kama hakuna aliyemwona. Sisi tunaocheza likelemba tunajua neno hilo lina bei gani: kikundi kinasimama kwa mtu anayesema hesabu ya kweli wakati hakuna anayemchungulia.

Watoto wa wakimbizi wa jirani nao wamekuja, kwa sababu hakuna anayedaiwa franka.

Basi tunapendekeza mambo matatu. Moja, kabla mtoto hajatoa pesa, nenda ukakione hicho chumba na ukae dakika kumi utazame. Usimpigie kelele mwenye chumba. Mwulize ana michezo gani mingine, kwani naye anatafuta wateja. Mbili, kama kasha la mchezo lipo, tafuta alama ya PEGI inayotumika Ulaya. Ni namba moja kati ya 3, 7, 12, 16 na 18, na maana yake ni umri ambao mchezo unamfaa. Gofu hii ya Mario ina 3. Ukiona 18, mtoto wa miaka tisa hana kazi nayo. Tatu, ukimkataza jambo, mpe lingine mkononi. Mtoto aliyekatazwa tu atakwenda kuchezea mahali usipomwona.

Siku ya posho, baada ya mkutano, mama anayependa aje na watoto wake, wavulana na wasichana. Mikebe ipo. Kila mmoja alete fimbo, na mapigo yake ayahesabu mwenyewe.