Sikukuu za Wafugaji: Bule na Nchi ya Theluji

Ukisimama asubuhi juu ya vilima vya Bule, katika wilaya ya Djugu, kaskazini ya Bunia, waona kwanza ukungu, kisha majani, kisha vilima vingine tena. Nchi hii ya juu ina baridi, na malisho yake ni mema. Ndiyo maana Wahema walifuga hapa tangu zamani, na jirani zao Walendu wakalima mahindi na maharagwe. Huyu alileta maziwa na siagi, yule alileta mazao ya shamba. Tena tusisahau jambo moja: Wahema wa kaskazini husema Kilendu. Lugha yao ni moja.

Mfugaji wa kweli huhesabu mwaka kwa mvua na malisho. Ndivyo wafanyavyo hata Wasami, wakaao mbali sana, kaskazini ya Norwe, Uswidi, Ufini na Urusi. Mnyama wao ni kulungu wa nchi za baridi, mwenye pembe za matawi. Na ajabu yake, hata jike huota pembe. Hufukua theluji kwa kwato zake apate chakula. Sisi twasema mvua na kiangazi. Wasami huhesabu majira manane.

Kila majira yana mkutano wake. Wakati wa joto, familia hukusanya ndama na kuwatia alama masikioni kwa kisu, kila mwenye mali alama yake. Mwezi wa Februari, pale Jokkmokk, kuna soko kubwa lililoanza mwaka 1605. Lakini sikukuu iliyo kuu katika mji wa Kautokeino ni Pasaka. Huko, katikati ya majira ya baridi, jua halichomozi kwa majuma mengi. Pasaka ifikapo, nuru imerudi, na makundi yako karibu kuhamia pwani, ambako majike huzaa. Basi kabla ya kutawanyika, watu hukutana kanisani. Watoto hubatizwa, vijana hufunga ndoa, kisha huja mashindano ya mbio za kulungu juu ya theluji.

Je, mji huo haukujua machozi? Ulijua. Tarehe 8 Novemba 1852, baadhi ya Wasami, wakichukizwa na ufukara na biashara ya pombe, walimwua mfanyabiashara na ofisa wa serikali, wakampiga mchungaji wa kanisa kwa fimbo. Mwaka 1854 viongozi wao wawili walikatwa vichwa, na mafuvu yao yakachukuliwa na wataalamu. Yalirudishwa na kuzikwa mwaka 1997 tu. Mji wa damu ndio leo mji wa arusi. Lakini tazameni ulivyongoja!

Nasi wa Bule tuna wafu wetu. Vita vya mwaka 1999 hadi 2003 viliwagombanisha jirani na jirani, na tangu mwisho wa mwaka 2017 damu ilimwagika tena. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022, katika kambi ya wakimbizi ya Plaine Savo, karibu na Bule, waliuawa watu wapatao 60. Walikuwa wamekusanyika pale, si kwa sikukuu, bali kwa kutafuta usalama. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 1 Februari 2023, hayati Baba Mtakatifu Fransisko aliwasikiliza huko Kinshasa watu walioteswa mashariki ya nchi yetu, wa Bunia wakiwamo.

Mfugaji aliyenyang'anywa ng'ombe atasherehekea nini? Na mkulima anayeogopa shamba lake mwenyewe? Ngoma peke yake haileti amani. Lazima kwanza wafu waombolezwe pande zote mbili, na ukweli usemwe. Lakini mtu asingoje wakubwa wamalize mambo yote. Pasaka ijayo, mwenye kikombe cha maziwa ampelekee jirani. Mwenye kikapu cha maharagwe naye afanye vivyo hivyo. Hawatahitaji mkalimani.

Wachungaji wa Betlehemu waliitwa wa kwanza kwenye furaha ya Noeli, nao walikwenda pamoja.