Sauti za Dhiki Katika Roki ya Nairobi

Mwalimu anayefundisha arudhi ya ushairi wa Kiswahili hatarajiwi kuonekana usiku katika kumbi ndogo za Westlands, amesimama karibu na spika miongoni mwa vijana wanaoweza kuwa wanawe. Hata hivyo, hiyo ndiyo starehe yangu kwa miaka kadhaa sasa. Katika insha hii fupi nakusudia kuonyesha kwamba starehe hiyo haiko mbali na taaluma yetu kama inavyodhaniwa.

Pingamizi la kwanza ninalokutana nalo ni kwamba roki ni muziki wa Wazungu. Hoja hii haina mashiko. Miongoni mwa waasisi wa roki walikuwamo Wamarekani weusi kama Sister Rosetta Tharpe na Chuck Berry. Isitoshe, katika miaka ya 1970 vijana wa Zambia, bendi ya WITCH ikiwa mojawapo, waliifanya yao hata ikapewa jina la Zamrock.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, nalo ni kwamba maneno hayasikiki. Gitaa hukwaruza, ngoma hurindima, mwimbaji hunguruma. Je, mhakiki atahakiki nini? Jibu nililipata kwa hadhira yenyewe. Wapenzi wa bendi hizi huja wameshayahifadhi maneno, wakayaimba pamoja na fanani. Husukumana kwa vishindo mbele ya jukwaa, lakini anayeanguka huinuliwa papo hapo na mikono ya watu asiowajua. Wanafunzi wa fasihi simulizi wanaijua hali hii: utendaji hukamilishwa na hadhira.

Na maneno hayo si ya upuuzi. Mwishoni mwa miaka ya 2010 bendi ya Crystal Axis ilitoa wimbo uitwao "Nyayo House". Ni jengo la serikali katikati ya jiji ambamo, katika miaka ya 1980, washukiwa wa kisiasa waliteswa katika vyumba vya chini, baadhi yao wakiwekwa katika seli zilizojazwa maji. Vyumba hivyo vilifunguliwa kwa umma mwaka 2003. Vijana wa leo hupanga foleni katika jengo hilo hilo kuomba pasipoti, na sidhani kwamba wengi wao huelezwa kilichotendeka chini ya nyayo zao. Panapokosekana somo, wimbo hufundisha.

Hapa ndipo ninapomkumbuka Abdilatif Abdalla, aliyefungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake "Kenya: Twendapi?", na ambaye mashairi yake ya gerezani yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Abdilatif aliyatia maumivu yake katika vina na mizani. Mlinzi angeweza kumnyima karatasi, lakini hangeweza kumnyima mpangilio. Wanaroki hufanya kinyume: huivunja sauti ili msikilizaji asiweze kuipokea dhiki akiwa ametulia. Njia ni mbili, lakini swali ni moja: nani atasikia?

Mfano wa mwisho ni Duma, bendi ya watu wawili iliyotoa albamu yake mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Wenyewe hulifasiri jina hilo kuwa ni giza kwa Gikuyu, ilhali sikio la Mswahili husikia mnyama mwenye mbio. Mwimbaji wake, Martin Khanja, ni kitukuu cha Muthoni wa Kirima, mpiganaji wa Mau Mau aliyefikia cheo cha Fildi Mashali, na albamu yake The Adept ya mwaka 2024 inamuenzi. Ukisikiliza ukiyajua hayo, mayowe yale hayawi tena kelele tupu.

Sisemi kwamba kila bendi ina uzito huu. Zipo zinazoiga tu, na nyingi huimba kwa Kiingereza, jambo linaloninyima raha mimi niliyezoea kuonja neno la Kiswahili ulimini. Lakini lawama hiyo inatuhusu na sisi pia. Tukiwafundisha vijana kwamba Kiswahili ni cha utulivu na adabu pekee, wakitaka kulia kwa uchungu watakwenda kuazima lugha nyingine.