Fundi wa Spika na Cha Juu Chake

Katika manunuzi yote yanayofanywa na kamati za misikiti yetu, hakuna yanayofanywa gizani kama ununuzi wa vipaza sauti. Saruji kila muumini anaijua. Mabati tunayahesabu kwa vidole, na mkeka mtu huupima kwa goti lake mwenyewe. Lakini amplifaya ni sanduku lililofungwa. Imamu hajui kilichomo, mweka hazina hajui, wala mimi katibu, niliyetumia miaka chuoni nikisoma nahau na usuli za fikihi, sikufundishwa hata siku moja tofauti ya wati na volti. Basi tunamwita fundi, tunamwuliza tununue ipi, naye anatutajia jina la chombo na jina la duka. Tangu hapo mali ya waumini inakwenda kwa kauli ya mtu mmoja.

Ninalotaka kuzungumza na familia zinazosoma ukurasa huu ni hili: mtu huyo, kwa ushauri wake ule, amelipwa na nani?

Sisi kwa kawaida hatumlipi. Tunamshukuru, tunamwombea dua, na akibahatika hupewa nauli. Anayemlipa ni mwenye duka, na malipo hayo yana jina ambalo kila mtu mjini analijua: cha juu. Muuzaji hupandisha bei, kisha humrudishia fundi sehemu yake mteja akishaondoka. Kwenye risiti hakionekani. Wenzetu wa serikalini hali hii huiita mgongano wa maslahi, nami sioni neno bora zaidi, maana mtu mmoja anabeba maslahi mawili ambayo hayawezi kuelekea upande mmoja. Msikiti unataka kilicho bora kwa bei ndogo, duka linataka kilichokaa rafuni kitoke kwa bei kubwa, na fundi ameahidi kuwaridhisha wote wawili.

Yaliyotokea kwetu Tinde nitayaeleza bila kumtaja mtu wala duka. Anayelijua eneo letu anajua kuwa ni njiapanda. Barabara itokayo Nzega inagawanyika hapa, mkono mmoja ukielekea Shinyanga na Mwanza, mwingine Isaka na Kahama hadi mipaka ya Rwanda na Burundi. Malori hayalali. Adhana ya alfajiri hushindana na breki na injini, kwa hiyo kipaza sauti kwetu si pambo. Amplifaya ya zamani ilipoanza kukatika katikati ya khutba, tulichangishana kwa wiki nyingi. Wako waliotoa noti, na wako walioleta mpunga kwa debe ukauzwa hapohapo uwanjani baada ya swala ya Ijumaa.

Fundi wetu, muumini wa msikiti huohuo na mtu mzima kunizidi kwa miaka mingi, alituletea profoma ya shilingi 1,850,000. Nilipiga simu dukani kuuliza kama nyaya zimo katika bei hiyo. Muuzaji, akidhani mimi ni mwenyeji wa mambo haya, alinituliza kwa ukarimu: "Katibu, usiwe na wasiwasi. Ya fundi imo, na ya kwako nitaiweka." Nilimwambia sihitaji, nikakata simu. Siku ya pili nilikwenda duka la jirani na orodha ileile, chombo kwa chombo, nikaandikiwa shilingi 1,480,000. Tena muuzaji wa pili akaongeza kwamba msikiti wa ukubwa wetu hauhitaji hata hiyo, upo mtambo mdogo wa shilingi 960,000 unaotosha.

Kamati ilipokutana, mjumbe mmoja alisema udalali ni halali, hivyo hakuna kesi. Kauli hiyo ina ukweli, na haifai kupuuzwa. Imamu Bukhari katika Sahihi yake ameweka mlango mahususi kuhusu ujira wa dalali, akataja kwamba Ibn Sirin, Ataa, Ibrahim na al-Hasan hawakuona ubaya ndani yake. Lakini dalali anajulikana kuwa ni dalali. Ukimwona sokoni unajua amesimama hapo kwa ajili ya mkono wake. Fundi wetu hatukumwendea kwa sura hiyo. Tulimwendea kutaka ushauri, na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mwenye kutakwa ushauri amekabidhiwa amana.

Kisa kinachokaribiana zaidi na jambo letu ni cha Ibn al-Lutbiyya, nacho kimo katika Bukhari na Muslim. Alitumwa kukusanya zaka za Banu Sulaym, akarejea amegawa mafungu mawili, hili la Waislamu, na hili akasema amepewa zawadi yeye. Mtume (s.a.w.) alikasirika, akahoji kwa nini hakukaa nyumbani kwa baba yake na mama yake akaona kama zawadi hiyo ingemfuata. Nakubali kwamba fundi si mkusanyaji wa zaka. Hata hivyo kipimo alichotuachia Mtume (s.a.w.) kinafanya kazi hata dukani. Kama fundi wetu angebaki nyumbani kwake, je, muuzaji yule angemtumia fedha? Sheria ya nchi nayo haiko mbali na hapo. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamgusa pia wakala anayepokea manufaa kwa njia ya rushwa katika shughuli za aliyemtuma.

Watu wa ukanda huu wa dhahabu wanalielewa jambo hili bila kuhitaji sheikh. Kwa miaka mingi mchimbaji mdogo aliuza dhahabu yake kwa mnunuzi ambaye ndiye aliyekuwa na mizani, na ndiye aliyetamka ubora wa mzigo. Si kila mnunuzi alikuwa mwizi. Lakini mchimbaji hakuwa na namna ya kumjua mwaminifu, na mnunuzi mwaminifu hakuwa na namna ya kujithibitisha. Soko la madini lilipofunguliwa Geita mwezi Machi 2019, na mengine katika mikoa mingine, dhahabu ilianza kupimwa mbele ya maofisa wasioinunua wala kuiuza. Mizani ilitolewa mkononi mwa mwenye maslahi, na hilo pekee lilikuwa jambo kubwa.

Katika vyombo vya sauti ugonjwa huu ni wa zamani, na umewasumbua hata walioendelea. Marekani, J. Gordon Holt alikuwa akihakiki vyombo katika jarida la High Fidelity. Alichoshwa na hali ya mhakiki kushindwa kusema wazi ubaya wa kifaa ambacho mtengenezaji wake ndiye anayelipia matangazo. Mwaka 1962 alianzisha jarida lake, Stereophile, bila kutegemea matangazo ya watengenezaji, likiishi kwa ada za wasomaji. Uaminifu huo ulimgharimu. Jarida lilichelewa mara kwa mara kwa uhaba wa fedha, na baadaye lilifungua mlango wa matangazo kama mengine.

Wengine walioshikilia njia hiyo ni Consumers Union, shirika lililoanzishwa mwaka 1936. Hununua vifaa dukani kwa fedha zake kama mteja yeyote, na jarida lake halichukui matangazo. Mwaka 1970 liliandika kuhusu spika za Bose 901 kwamba sauti ya ala moja moja ilionekana kuzunguka chumbani. Kampuni ilidai kauli hiyo si ya kweli, ikafungua mashtaka, na kesi ikapanda ngazi hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 1984 iliamua kwa upande wa jarida. Miaka kumi na minne tangu makala kuchapishwa, kwa maneno machache juu ya sauti ya spika! Jarida lililokuwa likila mkononi mwa kampuni lisingethubutu kuyaandika, achilia mbali kuyatetea. Lilikuwa na nguvu hiyo kwa sababu wanaotaka ushauri wake ndio wanaolilipa.

Kwetu, vijana hutazama kwenye simu wahakiki wakifungua maboksi ya spika kwa vifijo. Nawashauri wazazi wawafundishe watoto kuuliza jambo moja kabla ya kuuliza bei: boksi hilo alinunua au alipewa?

Nirudi kwenye mitambo yetu miwili, wa fundi na ule mdogo. Wa fundi uliandikwa kwenye boksi wati 3,000, mdogo wati 120. Mzee mmoja wa kamati alisema hapo hakuna cha kujadili. Lakini wati za kwenye maboksi nyingi ni za kilele cha kitambo kidogo mno, zinazofupishwa kwa herufi PMPO, wala hakuna kipimo kimoja kinachowabana watengenezaji katika kuzitangaza. Kinachosaidia msikiti ni nguvu ambayo chombo kinaweza kuitoa mfululizo bila sauti kukwaruza, na hiyo huandikwa kwa herufi ndogo ndani ya kitabu, au haiandikwi kabisa.

Muuzaji wa pili naye ni muuzaji, kwa hiyo sikutaka tumwamini kwa kuwa tu ametaja bei ndogo. Tuliyaomba maduka yote mawili mitambo ya kujaribia kwa kuweka dhamana, wakakubali. Kijana mmoja anayesomea umeme alisawazisha sauti ya mitambo yote miwili, maana chombo kilicho juu kidogo tu husikika kizuri zaidi hata kama si kizuri. Muadhini akasoma Suratul Mulk kwa kila mtambo, spika zilezile, mahali palepale. Waamuzi tuliowachagua walikuwa akina mama.

Sababu yake ni pazia. Mwaka 1994, watafiti Floyd Toole na Sean Olive, waliokuwa katika kampuni ya Harman, walichapisha matokeo ya majaribio waliyofanya na wafanyakazi wa kampuni hiyo. Wasikilizaji walipoziona spika, kubwa na za gharama zilipanda alama, na ndogo ya bei nafuu ikashuka. Zilipofichwa, hukumu ilibadilika. Jicho lilikuwa likisikiliza badala ya sikio. Katika misikiti yetu wapo watu ambao tangu mwanzo husikiliza bila kuona, nao ndio hawaulizwi kamwe. Akina mama huketi nyuma ya pazia, mbali na mimbari, na mwangwi wa kuta za saruji na mabati huwafikia wao kwanza. Kama khutba haieleweki, wao ndio wasioielewa.

Walisikiliza kimya. Kisha mwalimu wa madrasa, mama mwenye hifdhi nzuri, akasema kutoka nyuma ya pazia: "Ule wa kwanza unanguruma. Wa pili unasema." Wengine tisa kati ya kumi na wawili walikuwa pamoja naye. Wa kwanza ulikuwa ule wa wati 3,000. Tukanunua mdogo, na fedha zilizobaki zikaongeza spika mbili upande wa akina mama.

Ningeweza kuishia hapo nikaonekana mshindi, lakini kulikuwa na fundi. Nilimfuata nyumbani kwake baada ya Isha. Hakukana. Alinikaribisha, akamwambia mwanawe alete kiti, kisha akasema kwa utulivu: "Ustadh, mimi mnara ule naupanda tangu 2013. Mvua, jua, radi ilipounguza spika mwezi wa Ramadhani, nani alitoka na pikipiki usiku kwenda Shinyanga kutafuta kifaa? Mmesema Allah atanilipa. Atanilipa, sina shaka. Sasa mwanangu, ada ya shule nimwambie mwalimu asubiri thawabu?"

Nilipofungua madaftari ya kamati tangu mwaka ule, nilikuta umeme, sukari ya futari, maji ya udhu, hata ufagio. Ufundi wa spika haumo. Simtoi hatiani kwa hilo, kwani alikuwa na ulimi wa kudai haki yake, na njia aliyoichagua iliwatoza wauza mpunga bila wao kujua. Lakini naamini misikiti inayomkopa fundi kila mwaka kwa ahadi ya thawabu inamsukuma yenyewe hadi kwenye kaunta ya muuzaji. Ushauri wa bure haupo. Kama sisi hatuulipii, yupo anayeulipia, naye hatuambii.

Nilipeleka pendekezo kwenye kikao: fundi alipwe na kamati ujira unaojulikana kwa ushauri na kwa kazi, aandikiwe na asaini, na duka likimpa chochote akiseme kabla ya manunuzi, kikatwe kwenye bei. Lilipita kwa kura tano dhidi ya nne. Fundi alilipwa shilingi 60,000 kwa kufunga mtambo mpya, akasaini, na mnarani akapanda mwenyewe.

Kura nne zile ziliongozwa na mzee ninayemheshimu sana. Hoja yake si nyepesi. Anasema khidma ya msikiti haiuzwi. Ukimlipa fundi leo, kesho mfagiaji ataleta dai lake, kesho kutwa muadhini, ilhali Mtume (s.a.w.) alimwelekeza Uthman bin Abil-Aas kumchagua muadhini asiyechukua ujira kwa adhana yake. Nilimjibu kwamba kufunga nyaya si ibada ya adhana, naye akaniuliza kama bila nyaya hizo adhana ingewafikia watu wa ng'ambo ya barabara. Hajasaini muhtasari wa kikao, na ametaka ajenda irudishwe mwezi ujao.