Sundarbans: Msitu Ulio Lindoni

Askari aliyewahi kukesha lindoni anajua kwamba thamani ya mlinzi huonekana usiku wa hatari. Huko Asia ya Kusini, pale mito ya Ganga, Brahmaputra na Meghna inapoingia katika Ghuba ya Bengal, yuko mlinzi wa namna hiyo. Ni msitu wa mikoko uitwao Sundarbans, wenye kilomita za mraba zipatazo 10,000. Sehemu kubwa imo Bangladesh, na iliyobaki imo India.

Ndani ya msitu huo mwendo ni wa mashua. Mara mbili kila siku maji hujaa na kupwa. Yakijaa, miti husimama majini; yakipwa, huonekana matope yaliyojaa mizizi iliyochomoza kama misumari. Matope hayo hayana hewa, kwa hiyo miti mingi hupumua kwa mizizi hiyo. Mti mashuhuri ni sundri, ndugu wa msikundazi wa pwani ya Afrika Mashariki. Humo huishi paa wa madoadoa, mamba, pomboo wa mitoni, na chui milia wanaoogelea kutoka kisiwa hadi kisiwa. Hesabu iliyotangazwa Bangladesh mwaka 2024 ilionyesha chui milia 125 upande wa nchi hiyo.

Uhai wote huo hutegemea mvua. Ifikapo Juni, pepo za kusini-magharibi, zilizo jamaa moja na kusi ya mabaharia wa Waswahili, huleta mvua kubwa hadi Septemba. Mito hufurika maji matamu, nayo huisukuma chumvi kurudi baharini. Kiangazi chumvi hupanda tena. Ikizidi, sundri hukauka kuanzia kileleni. Tangu mwaka 1975, boma la Farakka nchini India lilipoanza kugeuza maji ya Ganga, maji matamu ya kiangazi yamepungua upande wa Bangladesh, na chumvi imeongezeka.

Hasara hiyo si ya miti peke yake. Novemba 1970 kimbunga kiliipiga pwani iliyo mashariki ya msitu, wakafa watu wasiopungua 300,000. Novemba 2007 kimbunga Sidr kiliupiga msitu wenyewe. Miti mingi ilianguka, na watu zaidi ya 3,000 wakafa. Ni kweli kwamba safari hii wananchi walionywa mapema na walikuwa na majengo imara ya kukimbilia. Hata hivyo, msitu ulipunguza nguvu ya upepo na mawimbi kabla hayajafika vijijini.

Mwaka 2009 kimbunga Aila kilibomoa matuta ya udongo, bahari ikaingia mashambani na katika mabwawa ya maji ya kunywa. Akina mama wakawa wanayafuata maji mbali, ilhali nyumba zao zimezungukwa na maji. Hadi leo familia nyingi huko hukinga mvua ya masika yao na kuiweka akiba kwa ajili ya kiangazi.

Warina asali, Waislamu kwa Wahindu, humwita Bonbibi, bibi mlinzi wa msitu, kabla ya kuingia. Sharti lake, wasema, ni kuchukua kiasi cha haja tu. Nasi wa bara tunayo mabwawa ya mafunjo yanayotuchujia maji na kuzuia mafuriko. Yafaa tuwafundishe watoto sharti hilo mapema.